Cherehani Iliyokwenda Kanisani

Kuna wakati cherehani yangu ilihudhuria kanisa kuliko vijana wengi wa kilima chetu. Kila Sabato niliitia kwenye kikapu cha kubebea viazi, pamoja na kibao chake, nikaifunika kwa leso safi na kushuka nayo kichwani mpaka kanisani. Huko niliisukuma chini ya benchi. Tukisimama kuimba, naigusa kwa kisigino. Tukipiga magoti, nafumbua jicho moja. Sala ndefu zilinitesa sana, maana mzee akiombea wagonjwa wote wa Nyamira kwa majina, mtu unapata muda wa kutosha kuwaza mikono ya wezi.

Ilikuwa cherehani ndogo ya mkono, ile ya kuzungusha kwa kulia huku kushoto kunaongoza kitambaa. Baba, aliyekuwa akichuma chai Kericho, aliinunua kwa fundi mmoja wa Kihindi mjini Kisii aliyekuwa anapunguza vitu dukani, ikaja nyumbani juu ya basi katikati ya mikungu ya ndizi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na shule yangu ikawa imeishia hapo. Sikulia sana. Mtu mwenye ndoto halii sana. Nilikuwa tayari nimejiona pale soko la Ikonge, kwenye baraza ya duka, futi ya kupimia imening'inia shingoni, watu wakinisubiri kwa heshima na mimi nikiwaambia, "Njoo Jumatano." Hata kabla sijajua kukata kola nilikuwa nimeshajua kusema "Njoo Jumatano."

Sasa, kwa nini mtu abebe cherehani kwenda kanisani? Kwa sababu ya wezi, na wezi wenyewe walikuwa watu wa kalenda. Kilima chetu karibu chote kilikuwa cha Wasabato. Jumamosi ikifika, kuanzia mtoto wa mgongoni hadi nyanya mwenye fimbo, kila mtu yuko kanisani, na kijiji kinaachiwa kuku. Ng'ambo ya kijito, kilima cha pili kilikuwa cha Wakatoliki, nao Jumapili hivyo hivyo. Wezi walilijua hilo. Jumamosi walitutembelea sisi, Jumapili wakawatembelea wenzetu. Walichukua blanketi, sufuria, majembe, gunia la pareto iliyokwisha kukauka. Mama mmoja jirani aliibiwa chungu cha chinsaga kikiwa bado jikoni, mboga zikiwa ndani. Alisema chungu angekisamehe, lakini mtu anayeiba mboga ya Sabato iliyopikwa Ijumaa, huyo amefika mbali.

Niliogopa. Nikaanza safari zangu za kikapu.

Mzee wa kanisa letu alikuwa kaka yake baba, ninayemwita Baba Mkubwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti jeusi la ibada ambalo hata nzi hakuthubutu kutua juu yake. Kwa kuwa baba yuko Kericho, yeye ndiye aliyekuwa sauti ya boma letu. Alivumilia kikapu changu kwa muda, mwishowe akanisimamisha nje ya kanisa.

"Binti yangu, huo si mzigo siku ya Sabato?"

Nikasema kwa adabu kwamba ni mzigo mdogo tu.

"Mdogo? Asubuhi nimekuona shingo imeingia mabegani kama kobe. Kikapu hicho kisirudi hapa. Kikibaki nyumbani, mwachie Mungu akilinde."

Mama, aliyekuwa karibu, akanong'ona kwamba Mungu alilinda na lile gunia la pareto pia, lakini alinong'ona kwa upande wa sikio langu tu. Basi nikabaki katikati. Kuiacha siwezi, kuibeba siruhusiwi, na kukosa kanisa kwa nyumba yetu lilikuwa jambo lisilosemeka. Wiki ile nilishona kwa haraka kama mtu anayeaga mgonjwa.

Ni katika siku hizo naibu chifu akaitisha baraza. Alikuwa mtu mwembamba mwenye baiskeli, na kwa miezi mingi vilima viwili vilikuwa vimempelekea mashtaka, kila kilima kikiwa na wezi wake na wezi wote wakitoka kilima cha pili. Tulikutana kwenye uwanja wa pale kijito kinapovukwa, sisi upande huu wa nyasi, wao upande ule, kama timu mbili za mpira.

Mzee wetu mmoja alianza kwa upole wenye sumu. Alisema Jumamosi sisi wote tuko mbele za Mungu, je, ni nani basi wanaobaki nyumbani siku hiyo? Akaomba wajijibu wenyewe. Upande wa pili ukajibu kwamba hilo ni swali zuri, na wao wanalo la kwao: Jumapili wakielekea misa, hao wanaowatazama kutoka mashambani wakiegemea majembe ni watu au ni nyani? Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wamekasirika. Maneno yakaanza kupanda. Naibu chifu alikuwa akigonga kengele ya baiskeli yake ili watu wanyamaze.

Hapo akasimama mama mmoja wa kule. Sisi sote tulimwita Mama wa Ng'ambo. Alikuwa mnene wa kupendeza, mjane, mpika pombe ya wimbi anayejulikana mpaka Ekerenyo, na sauti yake ilikuwa inavuka kijito bila daraja.

"Mnasema Jumamosi mwizi ni mimi kwa sababu niko nyumbani. Vizuri. Nipeni kiti nikae mlangoni kwenu, mnione nikiiba."

Akaendelea kusema kwamba sote tunayo risaga. Leo majirani wanapalilia wimbi la huyu, kesho wanahamia kwa yule, na hakuna anayeuliza mwenye shamba anasali siku gani. Basi mlango una tofauti gani na shamba? Jumamosi wao walinde milango yetu, Jumapili sisi tulinde yao. Kitu kikipotea, aliyekuwa zamu ndiye wa kuulizwa.

Nadhani watu walikubali kwa sababu kila upande ulitaka kuukamata mwingine. Naibu chifu hakujali sababu. Aliinua mikono akasema mambo yamekwisha, tugawane milango.

Kugawana milango ndiko kulikochukua mchana wote. Vilima vyetu vilikuwa vimeoana sana, na kwetu Gusii mkwe ni mtu wa heshima na mbali. Mwanamume hawezi kushinda kwenye mlango wa mama mkwe wake, hata kwa kumlindia. Kila jina likitajwa, mtu anakohoa na kusema, "Hapana, huyo ni mkwe." Mzee mmoja alikuwa ameozesha mabinti wengi ng'ambo hivi kwamba hakupatikana mwanamume wa kumlinda, ikabidi apewe nyanya kipofu mwenye mbwa mkali. Sisi, kwa kuwa hatukuwa na ukwe naye, tulipewa Mama wa Ng'ambo mwenyewe.

Sabato ya kwanza alifika asubuhi na kigoda chake cha miguu mitatu na pembe ya ng'ombe ya kupulizia, akakiweka kigoda mlangoni, akakikalia, kikapotea. Nilimwonyesha cherehani ilipo, nikamwomba asiisogeze, nikamwonyesha tena. Mama akaniambia twende. Niligeuka mara nyingi sana njiani, mpaka Mama wa Ng'ambo akapaza sauti kutoka mlangoni kwamba nikigeuka tena nitakuwa nguzo ya chumvi, na yeye chumvi anayo nyumbani.

Tuliporudi cherehani ilikuwa pale pale. Ua umefagiwa. Na kuku mmoja aliyekuwa amepotea tangu Jumatano alikuwa amerudi, sijui aliitwaje.

Jumapili ilikuwa zamu yangu kwake. Hapo ndipo nilipogundua nimepewa kulinda nini. Nyumbani kwa Mama wa Ng'ambo kulikuwa na stoo, na stoo ilijaa mitungi ya pombe ikichacha, ikitoa sauti ndogo, blupu, blupu, kama wazee wanaosengenya. Mimi, binti wa nyumba ambayo hata chai ya rangi ilitazamwa kwa shaka, nilikaa mchana kutwa mbele ya mitungi ile nikisoma kitabu cha nyimbo. Alipotoka misa akaniuliza kama imenisumbua. Nikasema imeongea tu, mimi sikuijibu. Alicheka mpaka akashika mlango. Kutoka siku ile tukawa marafiki.

Basi kwa wiki kadhaa hakuna kilichoibwa. Jumatano nilishona, tena sasa wateja walikuwa wa vilima vyote viwili. Uzi, sindano na mafuta ya cherehani nilinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa amepanga chumba pale njia panda, karibu na duka. Hakuwa mtu wa kwetu, lakini alikuwa amekaa nasi tangu mvua za mwaka uliopita. Alikuwa mpole, mwenye tabasamu, anakutafutia rangi ya uzi mpaka ilingane. Alikuwa ananiuliza habari za mashine yangu kama mtu anavyouliza habari za mtoto: inakula uzi vizuri, hailii, inalala wapi. Mimi, ambaye nampenda yeyote anayependa cherehani yangu, nilimweleza yote, kila nilipokwenda.

Kisha ikaja ile Sabato ya pembe.

Mhubiri alikuwa mgeni kutoka Nyamira, na alikuwa amefika kwenye kuta za Yeriko. Alisema, wakapiga baragumu. Na papo hapo, nje, pembe ikalia. Watu wengine walidhani ni sehemu ya mahubiri, wakasema amina. Pembe ikalia tena, ndefu, kutoka upande wa boma letu. Mimi nilikuwa nje kabla sijajua nimesimama. Nyuma yangu likaja kanisa zima, shemasi akikimbia huku akiwaambia watu wasikimbie siku ya Sabato.

Tulimkuta Mama wa Ng'ambo uani, ameshika kola ya mzee mmoja nadhifu aliyekuwa ameketi chini penye majani ya migomba, kofia imeviringika mpaka zizini. Alisema amemwona mtu huyu akipita nyuma ya nyumba, akihesabu ng'ombe, akipapasa ukuta, akiinama kuchungulia dirishani kwenye cherehani. Alipomwuliza ni nani, alijibu kwamba hana la kusema. Mwizi gani mwingine tunamtaka?

Baba Mkubwa alifika akihema. Alimtazama mzee yule, mzee yule akamtazama yeye, na uso wa Baba Mkubwa ukabadilika kama mtu aliyemeza nzi.

Alikuwa esigani.

Esigani kwetu ni mshenga, mtu anayetumwa na upande wa mume kuchunguza boma la msichana kabla ya posa: lina ng'ombe wangapi, nyumba inatunzwaje, watu wake wana sifa gani. Kazi yake lazima aifanye kimyakimya, bila kujitambulisha, ndiyo maana ukimtazama kwa mbali hana tofauti na mwizi hata moja. Na huyu alikuwa amekuja kwa makubaliano na Baba Mkubwa, aliyemshauri apite Jumamosi wakati boma liko tulivu. Kila kitu Baba Mkubwa alikuwa amepanga. Alisahau tu kumwambia mlinzi. Alisahau pia kuniambia mimi, na hivyo ndivyo nilivyojua, mbele ya kanisa zima, kwamba naposwa.

Baba Mkubwa alishikwa na aibu. Aibu ya mtu mzima ikikosa pa kwenda huwa hasira. Alimwambia Mama wa Ng'ambo kwamba ameuvunjia heshima ukoo wetu kwa kumkaba mgeni.

"Mgeni gani anahesabu ng'ombe kabla ya kubisha hodi?" Mama wa Ng'ambo akauliza.

"Tangu leo kila mtu alinde kwake," akasema Baba Mkubwa. "Tumeishi hivyo tangu babu zetu."

Mama wa Ng'ambo alimpangusa esigani majani mgongoni, akampa kofia yake, akashuka kuelekea kijitoni. Kigoda chake akakiacha mlangoni petu. Naibu chifu alikuja na baiskeli yake wiki ile yote, akapanda kilima hiki na kushuka kile, lakini Baba Mkubwa alikataa, na upande wa pili nao wakasema hawabembelezi mtu ili wamlindie mali yake.

Sabato iliyofuata niliificha cherehani chini ya magunia ya pareto. Nilimwomba Mama anikubalie kusema naumwa tumbo. Akaniambia kusema uongo siku ya Sabato ni mzigo kuliko kikapu. Nikaenda. Sikumbuki mahubiri.

Tuliporudi, kufuli ilikuwa inaning'inia kwenye kibanzi cha mbao. Magunia yalikuwa yamewekwa kando vizuri, moja juu ya jingine, kama kazi ya mtu asiyetaka kuchafua nyumba ya watu. Mahali pa cherehani palikuwa na vumbi la pareto tu, na katikati yake alama ya mstatili.

Nilikaa kwenye kigoda cha Mama wa Ng'ambo nikalia. Baba Mkubwa alikuja akasimama. Baadaye akasema kwamba hao ng'ambo wamelipiza kisasi. Lakini alisema kama mtu anayeomba aambiwe ndivyo.

Jua lilipokuwa linazama, Sabato ikiisha, nani anakuja kijitoni akipanda? Mama wa Ng'ambo, na sufuria ya uji kichwani, kama wanavyokuja watu kwenye msiba. Habari zilikuwa zimevuka. Mama alimpokea, tukaingia jikoni sisi watatu, nikanywa uji huku machozi yakiutia chumvi. Mama wa Ng'ambo hakusema, "Si niliwaambia?" Alisema tu kwamba wazee wakae na hasira zao, wanawake tulinde. Tatizo lilikuwa njia panda, mahali ambapo kila mtu anapita. Nani aangalie pale?

"Si mumwombe yule muuza sindano wenu," Mama akamwambia. "Ni mtu mtulivu, na Jumamosi yuko tu."

"Wetu nani?"

"Yule wa njia panda. Mkatoliki mwenzenu."

Mama wa Ng'ambo akaweka kijiko chini. "Yule si Msabato?"

Tukatazamana. Moto ulikuwa ukilia taratibu kwenye kuni. Mama akasema kwamba mtu yule alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe, asitarajiwe kanisani Jumamosi, yeye ni wa misa. Mama wa Ng'ambo akasema wao walimkaribisha misa, akawaambia yeye hushika Sabato. Mwaka mzima kila kilima kilikuwa kikimhesabu ni wa kilima kingine. Jumamosi hakuna aliyemtafuta, Jumapili hakuna aliyemkosa.

Mimi niliuliza kwa sauti ndogo kama labda ni mtu tu asiyesali. Mama wa Ng'ambo akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ulimwambia cherehani inalala wapi?"

Uji ulinishinda.

Mama akaenda kumwita Baba Mkubwa, na Mama wa Ng'ambo akatuma mtoto kwa naibu chifu. Baba Mkubwa alisikiliza yote amesimama mlangoni mwa jiko, kwani mwanamume wa umri wake haingii. Akamwambia Mama wa Ng'ambo, "Kigoda chako bado kiko kwetu." Hiyo, kwa mtu kama Baba Mkubwa, ilikuwa ni kuomba radhi kwa kupiga magoti.

Jumapili asubuhi Mama wa Ng'ambo alivaa nguo yake ya misa na kupita njia panda. Alinunua uzi mweupe kwa yule jamaa, akalalamika kwamba nyumba yake leo inaachwa na blanketi mpya na redio ya mwanawe, kwa sababu Wasabato wamekataa kulinda. Jamaa alimpa pole. "Mungu yupo, mama," akamwambia.

Na kweli alikuwepo, na pamoja naye ndani ya stoo alikuwepo Baba Mkubwa. Mpango ulihitaji mashahidi wa kuaminika wawili: naibu chifu alijikunja nyuma ya banda la kuku, na Baba Mkubwa akapewa stoo, maana stoo ndiyo iliyokuwa na njia ya kuingia chumbani. Alivaa lile koti jeusi. Alisema shahidi lazima awe mtu wa kuheshimika. Akaingia, akachuchumaa katikati ya mitungi, tukamrudishia mlango. Mimi na Mama tulijificha migombani na pembe. Nilisikia kwa ndani ile blupu, blupu, na katikati yake Baba Mkubwa akikohoa kwa uchungu.

Jamaa alikuja jua likiwa juu, akipiga mluzi, mkoba wa sindano begani, kama mtu anayepeleka bidhaa. Alibisha hodi kwa heshima zote. Hakuna aliyejibu. Akasukuma mlango wa stoo.

Yaliyotokea ndani Baba Mkubwa alituhadithia baadaye kwa kulazimishwa, na naibu chifu kwa kupenda. Baba Mkubwa alisimama ghafla, miguu ikiwa imekufa ganzi, akayumba, akashika mtungi ili asianguke, na mtungi ukamwagika wote juu ya koti. Mwizi akaruka nyuma. Kisha akamtambua mzee wa kanisa la Wasabato, peke yake, Jumapili, gizani, amelowa pombe kutoka kola mpaka magotini. Uso wake ukalainika. Alimshika bega.

"Mzee," akamwambia kwa upole, "kumbe hata wewe. Usiogope, mimi sitamwambia mtu."

Baba Mkubwa alimshika mkono ule ule wa begani na hakuuachia. Nikapuliza pembe mpaka masikio yangu yakaziba.

Walikuja kutoka pande zote, Wakatoliki na nguo za misa, Wasabato na majembe, na kwa mara ya kwanza sikuweza kujua kilima kimoja kinaishia wapi. Lakini walikuja na fimbo pia, na furaha yangu ikanitoka. Jamaa alikuwa amekaa chini, midomo imempauka. Nilikumbuka alivyokuwa akinitafutia rangi ya uzi. Nikachukua kigoda, ambacho nilikuwa nimekirudisha asubuhi ile, nikampa Mama wa Ng'ambo. Alielewa. Alikiweka kwenye mlango wa stoo, mwizi ndani na umati nje, akakikalia, na mlango ukaisha.

"Amekuja kwangu akabisha hodi," akasema. "Ni mgeni wangu mpaka askari wa chifu aje. Anayetaka kumpiga anipitie."

Hakuna aliyempitia. Hata nafasi haikuwepo. Jioni askari walimchukua, mzima, amekunywa uji.

Chumbani kwake kulikuwa na Jumamosi zetu na Jumapili zao zote: sufuria, majembe, blanketi, hata kile chungu cha chinsaga, kimeoshwa. Cherehani yangu ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa kitambaa. Nilizungusha mpini. Ulizunguka laini kuliko siku zote. Alikuwa ameipaka mafuta. Sijui mpaka leo nifanye nini na jambo hilo, kwa hiyo huwa nalisimulia tu.

Risaga ya milango ilirudi wiki ile ile. Kazi yangu ya kwanza ya watu wengi ilikuwa kuwashonea walinzi vitambaa vya mkononi, vya bluu, ili wageni wajue nani wa kumwambia shida yao, hata kama shida yao ni kuhesabu ng'ombe za watu. Naibu chifu alifunga cha kwake kwenye mpini wa baiskeli. Koti la Baba Mkubwa nililifua, nikalishona kiwiko, lakini likipata jua bado lilitoa harufu kidogo, na vijana wa kanisani walikuwa wakigombea kukaa mbali naye kwa heshima isiyo ya kawaida.

Esigani alirudi pia, mtu mwenye moyo. Safari hii aliamua kuja Jumapili, kwa njia iliyonyooka, akabisha hodi, akauliza binti yuko wapi. Mama akamwambia ukweli, yuko ng'ambo, zamu. Akavuka kijito, akanikuta nimekaa katikati ya mitungi ya pombe, nikiimba nyimbo za Sabato na kuwafukuza nzi. Alinitazama, akaitazama mitungi, akavua kofia, akaivaa tena, na kwenda zake. Sijawahi kucheka peke yangu namna ile. Baraza ya duka Ikonge ilikuwa bado inanisubiri, na mimi sikuwa na haraka.

Siku hizi Sabato naenda kanisani mikono mitupu, shingo imenyooka, hata kwenye sala ndefu nafumba macho yote. Juzi tulikuwa tunarudi, mimi, Mama na Baba Mkubwa, na tulipofika penye migomba tukasikia sauti kutoka nyumbani kwetu, trrr, trrr, cherehani ikikimbia. Mama wa Ng'ambo alikuwa amejifunza kwa kunitazama, na sasa akiwa zamu hujishonea foronya zake, mistari imepinda kama njia ya kwenda kijitoni.

Baba Mkubwa alisimama. "Hiyo si cherehani ya huyu binti, inayofanya kazi siku ya Sabato?"

Mama hakupunguza hata mwendo.

"Leo ni Jumamosi, mzee," akamjibu. "Leo cherehani ni ya Kikatoliki."